Joto la Kuku wa Mwalimu

Mtalaka wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na hata kuku wake amewaandikia daftari. Kurasa kumi na nne, wino mwekundu, mistari imepigwa kwa rula. Alinikabidhi mlangoni siku anaondoka, begi begani, teksi inamsubiri, akataka nisome ukurasa wa kwanza mbele yake kwa sauti. Mtu mzima mimi, miaka hamsini na nane, fundi wa majokofu, nikasimama pale nikasoma: "Kuku hawa wanne si mifugo. Ni watu wa nyumbani."

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nimeelewa, Mwalimu."

Sikuwa nimeelewa kitu. Ila tangu tuachane mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita Fundi, na kila mtu akikaa kwenye kazi yake mambo yanakwenda bila kelele.

Alikuwa anakwenda kwa binti yetu, mji wa mbali. Binti ana mimba ya kwanza, na daktari wake amemwambia alale kitandani mpaka siku ya kujifungua, asiinue kitu, asishtuliwe. Mume wake anashinda kazini. Kwa hiyo mama mtu afunge safari, na kuku wabaki na nani? Jirani wa kulia ndiye anayewaangalia siku zote, lakini naye alikuwa safarini. Jirani wa kushoto, kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, anawatazama wale kuku kwa jicho la sufuria.

"Wewe angalau huna hamu na kitu," akaniambia.

Hakusema kwa ubaya, na wala sikukasirika. Nina hasira za karibu, mtu akinipa friji aliyoichokonoa kwa kisu cha jikoni namtolea uvivu hapo hapo, lakini hizo ni hasira za mdomoni. Ndani hakuna kitu. Miaka minne sasa nimekuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi: unakula, unakunywa, ila huna hakika kama umejing'ata. Miaka minne ndiyo tangu tumzike mwanetu wa kwanza, kaka yake huyu binti.

Basi nikahamia kwenye nyumba iliyokuwa yangu. Ukurasa wa pili wa daftari: "Fundi atalala sebuleni. Chumbani hapamhusu." Sawa, nikalala sebuleni, kwenye kochi nililolinunua mwenyewe.

Kuku wale walikuwa na majina. Meneja, mnene, wa kahawia, anatembea uani mikono nyuma, kama angekuwa na mikono. Mtoro, ambaye ukigeuka tu yuko ukutani. Kimya, ambaye hana lolote. Na Bi Mkubwa, mweupe, mzee kuliko wenzake, aliyenunuliwa na Mwalimu wiki moja baada ya msiba. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini na saba sikuwahi kuwa na mke zaidi ya mmoja, nikaja kupewa Bi Mkubwa baada ya talaka.

Asubuhi wanakula chenga za mchele zilizopikwa, za vuguvugu, na karoti iliyokunwa, kila mmoja kwenye bakuli lake. Maji yao yanachemshwa. Mimi nilikuwa nakunywa ya bomba. Redio ifunguliwe kwenye taarifa ya habari, isiwe muziki, maana muziki unamfanya Mtoro ataharuki. Jumamosi miguu yao ioshwe kwa maji ya chumvi, ikaushwe katikati ya vidole, ipakwe mafuta. Bi Mkubwa asibebwe kwa mabawa wala kwa miguu, abebwe kama mtoto mchanga, mkono mmoja chini ya kifua. Nilifuata yote, neno kwa neno. Mtu angeniona nimepiga magoti uani na taulo dogo nakausha vidole vya kuku angesema nimepagawa, lakini mimi sikuona aibu wala raha. Ilikuwa kazi, na kazi naiweza.

Kilichonipeleka pale si kuku, na sitajitia hamnazo hapa. Ni simu ya saa tisa.

Kila siku saa tisa alasiri binti yetu alipiga simu ya video kuwaona kuku. Mwalimu aliniachia simu yake ya pili kwa kazi hiyo tu. Binti alikuwa hajasema nami miaka minne, si kwa simu, si kwa barua, harusi yake niliisikia kwa mteja. Sasa kila siku dakika tano nasikia sauti yake. Nilikuwa naelekeza kioo cha simu kwa kuku, mimi niko nyuma yake, naonekana mkono peke yake ukimwaga mchele.

"Sogea kwa Meneja," anasema. "Mgeuze Kimya nimwone ubavu. Bi Mkubwa amekula?"

"Amekula."

"Basi, Fundi."

Kisha anakata. Fundi mdomoni mwa mteja ni heshima. Mdomoni mwake lilikuwa neno la kuniweka nje. Lakini nilikuwa nalisubiri tangu saa mbili asubuhi, natazama saa, nasogeza mabakuli ili aone uwanja msafi. Mwalimu aliniambia wazi kabla hajapanda teksi: "Hawa kuku ndio walionishika mkono wakati ule, na yeye anajua. Ukimharibia mmoja, usitegemee tena kuisikia sauti yake." Nilijua ni kweli. Mjukuu alikuwa njiani, na mimi nilikuwa na kuku wanne tu wa kuonyesha kwamba nafaa kuambiwa atakapozaliwa.

Alichonikasirikia binti nitakisema kwa kifupi. Siku tuliyomzika kaka yake, watu hawajamaliza hata kukung'uta udongo viatuni, mimi nilipanda pikipiki yangu na boksi la vifaa nikaenda kutengeneza friji. Nilirudi magharibi. Uani kumejaa viti vya kukodi na ndugu wa pande zote mbili. Binti akasimama katikati yao, miaka ishirini na miwili, macho yamevimba, akasema: "Mama amemzika mtoto wake peke yake. Huyu amekwenda kazini." Shangazi zake wakaangalia chini. Mimi nikaweka boksi langu chini, nikanawa mikono.

Sikumjibu miaka yote hiyo, na sikumwambia mtu mwingine. Friji yenyewe ilikuwa ya mochwari.

Mwanangu alilala mle siku mbili tukisubiri ndugu wa mbali wafike. Nilipokwenda kutia sahihi nikasikia mashine ya chumba cha baridi: inashika, inaachia, inashika, inaachia. Mtu mwingine angesikia mngurumo tu. Mimi ndiyo kazi yangu, siwezi kutosikia. Nikamwambia mhudumu, hii kompresa haimalizi wiki. Akaandika namba yangu ukutani kwa kalamu ya risasi. Tumetoka makaburini ndipo akanipigia. Imekufa tangu alfajiri, fundi wao yuko safarini, na ndani kuna watu kumi na mmoja. Jua la siku ile lilikuwa la kuchoma.

Sitaki mtu aniongezee sifa. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu siku tatu nzima nilikuwa nimezungukwa na jambo lisilotengenezeka, na hapo nikaletewa linalotengenezeka. Nilifurahi, ndiyo neno lenyewe. Nikafungua mashine, nikabadilisha nilichobadilisha, nikajaza gesi, saa kumi na moja ikawaka vizuri. Na ilipowaka nikasikia kitu ndani yangu kinazima, kikazima hivyo hivyo. Sasa ukifika nyumbani unamwambiaje mtu anayelia kwamba ulirudi kule kule alikolala mwanao, ukafurahi? Nikanyamaza siku hiyo. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na mwezi wa pili haikuwezekana tena. Mwalimu alivumilia mwaka mmoja na mtu asiyesema, kisha akaomba talaka, nikampa bila ubishi.

Siku ya kumi na nane ya kulea kuku, joto lilipanda vibaya. Saa sita mchana nikamkuta Bi Mkubwa chini ya meza ya maji, mabawa ameyaachanisha na mwili, mdomo wazi, anahema harakaharaka. Wenzake walikuwa kivulini, sikuwatazama sana. Ukurasa wa tisa unasema akiwa hayuko sawa apigiwe daktari wa mifugo, namba hii hapa. Sikufungua ukurasa wa tisa. Nilichukua kipimajoto changu cha kazi, kile chenye ncha nyembamba cha kuchomeka kwenye friza, nikamwekea chini ya bawa, nikasubiri.

Arobaini na moja.

Namba hiyo ndiyo aliyoisoma muuguzi mwanangu akiwa kitanda cha tatu karibu na dirisha. Aliisoma kwa sauti, akaiandika, akatoka kumtafuta daktari, na daktari alipofika mwanangu alikuwa hanijui tena. Mimi nilikuwa nimemshika mkono mmoja na dada yake mkono wa pili. Miaka thelathini na mbili nimetoa joto kwenye nyama, kwenye samaki, kwenye dawa, kwenye maua ya harusi, na siku ile sikuweza kutoa hata nusu digrii.

Kwa hiyo nilimpoza Bi Mkubwa. Nilimpoza kwa ujuzi wangu wote. Beseni la maji, barafu yote ya friji imefungwa kwenye taulo, feni imeelekezwa kifuani, na kipimajoto hakitoki chini ya bawa. Thelathini na tisa. Thelathini na nane. Akaacha kuhema, mdomo ukafunga, nikaona nimefaulu. Nikaendelea kidogo ili nipate uhakika. Thelathini na sita. Hapo akalaza shingo kwenye kiganja changu na kilemba chake chekundu kikawa rangi ya jivu.

Ndipo nikapiga ile namba ya ukurasa wa tisa.

"Ana nini?" daktari wa mifugo akauliza. Alikuwa anatafuna kitu.

"Alikuwa na homa kali. Arobaini na moja. Nimeishusha mpaka thelathini na sita, lakini amelegea."

Akaacha kutafuna. "Umeshusha?"

"Nimeshusha."

"Mzee wangu, hiyo si homa. Kuku mzima ndilo joto lake hilo. Nenda kawapime wenzake."

"Alikuwa anahema, mdomo wazi."

"Na jua hili, nani hahemi? Wewe umechukua kuku mzima ukamweka kwenye friza."

Nikampima Meneja, akaniparura. Arobaini na moja na nusu. Sikuhitaji kuwapima wengine. Nikamuuliza daktari nifanye nini, akasema nimkaushe mpaka ndani ya manyoya, nimpashe joto polepole, nisimsogeze kwenye moto wala jiko. "Mweke mwilini mwako ukae naye," akasema. "Hapo tena ni yeye na Mungu wake."

Nilimkausha kwa shati langu kwa kuwa taulo lilikuwa na barafu. Nikavaa koti la kazi bila kitu ndani, nikamweka kifuani kwenye ngozi, nikafunga vifungo, kichwa chake kikachungulia kwenye kola. Nikakaa chini uani, mgongo ukutani. Alikuwa wa baridi kweli. Moyo wake niliusikia kwenye mbavu zangu, mdogo, unakwenda mbio kisha unapotea, unarudi. Nikaogopa. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimesahau kuogopa kukoje.

Simu yangu ikaita. Muuza nyama wa sokoni, mteja wangu wa miaka mingi.

"Fundi, friza langu limekufa. Nimeshusha nyama leo asubuhi. Kimbia."

"Tafuta fundi mwingine."

"Unasemaje?"

"Nina mgonjwa. Siwezi kunyanyuka."

"Mgonjwa gani? Wewe una mgonjwa?"

Nikakata. Nilikuwa sijawahi kumkatia mteja simu.

Saa tisa kamili ikaita ile simu ya pili. Niliiangalia inavyotetemeka kwenye sakafu. Ningeweza kuiacha, lakini asipopokelewa atashtuka, na ameambiwa asishtuliwe. Ningeweza kuwaonyesha wale watatu, nikasema Bi Mkubwa amelala. Uongo huo niliuandaa kabisa. Kisha nikapokea, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa chini ya kifua cha kuku, nikaiegemeza simu kwenye bakuli la Kimya, ikanichukua mimi mzima.

Akanitazama. Alikuwa amenenepa mashavu, nywele amefunga kitambaa, mito mgongoni. Kwa miaka minne sikuwa nimemwona usoni, maana hata siku hizi za kuku nilikuwa nyuma ya simu.

"Mbona umekaa chini?" akasema. Kisha akakiona kichwa kwenye kola. "Bi Mkubwa ana nini?"

"Nimemharibu," nikasema. "Hakuwa mgonjwa. Nilimpima nikakuta arobaini na moja, nikadhani homa, nikampoza na barafu. Kumbe kuku ndivyo walivyo. Sasa nampasha joto. Sijui kama atapona. Usishtuke."

Hakushtuka. Alijiinua kidogo kwenye mito.

"Arobaini na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Mimi nilidhani naikumbuka peke yangu."

Simu yangu ya kazi ikaanza kuita tena pembeni. Akauliza nani. Nikamwambia ni muuza nyama, friza lake limekufa, amepiga mara ya tatu.

"Na hukwenda."

"Sikwenda."

"Siku ile ulikwenda," akasema. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilikuwa gumu kuliko ukali. "Wewe niambie leo. Ilikuwa friji ya nani, hata ikamshinda kaka yangu?"

Miaka minne hakuna aliyeniuliza ilikuwa ya nani. Nami nisingeweza kusema bila kuulizwa.

"Ya mochwari," nikasema. "Chumba kile kile alichokuwa. Mashine ilikufa asubuhi ya maziko. Walibaki watu kumi na mmoja ndani, wawili watoto wachanga, na jua uliliona. Walinipigia tukitoka makaburini." Nikamvuta Bi Mkubwa karibu. "Na sikwenda kwa wema. Nilishindwa kurudi nyumbani. Kule niliweza kufanya kitu."

Akaweka kiganja mdomoni. Nyuma yake nikasikia mlango, na sauti ya Mwalimu inauliza kuna nini huko, kuku wamefanyaje.

"Mama, njoo ukae," binti akasema bila kugeuka. Kisha akaniambia mimi, "Rudia. Rudia na mama asikie."

Mwalimu akaingia kwenye kioo, miwani puani, kikombe mkononi. Akaniona sina shati, nimevaa koti, na kuku wake kifuani. Nilimwona anafungua mdomo kunipa vidonge vyangu, kisha akamtazama binti usoni, akaufunga. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Nikarudia. Safari hii nilisema yote, tangu mngurumo niliousikia nilipokwenda kutia sahihi, na namba yangu ukutani, na kompresa, na saa kumi na moja ilipowaka. Nilisema na lile la kufurahi. Mwanamke huyu alilala kitanda kimoja na mimi mwaka mzima baada ya siku ile na hakujua. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, hakunywa.

Nilipomaliza nilisubiri anisahihishe, maana ndiyo kazi yake. Akavua miwani.

"Giza la mle ndani nalijua, nilikwenda kumwosha mwanetu uso," akasema. "Ungeniambia tungekwenda wote. Ningekushikia tochi."

Hapo nililia. Nililia vibaya, mdomo wazi, pua zinatiririka, na mkono mmoja siwezi kuutoa chini ya kuku. Bi Mkubwa akajikung'uta ndani ya koti, akanikwaruza tumbo kwa kucha zilizopakwa mafuta, na iliuma kweli. Nikaendelea kulia, na wao wawili hawakukata simu.